Mende Hawajambo

Mume wangu ana adui mmoja tu duniani, naye ni ukoga. Ule utelezi wa kijani unaoota kwenye matangi ya maji na mabwawa ya kuogelea, yeye ndiye anayeitwa kuumaliza. Watu wamemzoea kwa jina la Bwana Dawa, na hawakukosea. Ukimkaribia tu, pua inakuwasha. Suruali zake zote zimepauka mapajani, pale anapofutia mikono, na mimi fundi cherehani niliyeolewa naye nimezitia viraka mpaka viraka vyenyewe vina viraka. Kwake yeye kitu hakijaoshwa mpaka kinuke klorini. Vikombe, sakafu, hata tikiti maji. Siku nilipojifungua kitinda mimba wetu, mkunga alimfukuza chumbani na kitambaa chake mkononi. Ati alitaka kumfuta mtoto na dawa, "tone moja tu".

Mtu huyo ndiye aliyekuja kufuga ukoga. Akaupa na dirisha lake. Haya, ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni.

Chanzo ni huyo huyo kitinda mimba. Binti yetu alipenda wadudu tangu akitambaa, na nyinyi mliolea mtoto anayetambaa mnajua alikuwa anawatia wapi. Alipokuwa msichana mkubwa akaleta nyumbani tangi la kioo lenye mende. Si hawa wa kabatini ambao ukiwaona unavua kandambili. Hawa ni wanene kama kidole gumba cha mwanamume, hawana mabawa, na ukiwagusa wanatoa sauti, fyuuu, kama tairi lililopitiwa na msumari. Mkubwa wao akamwita Chifu. Nilimwuliza anamlisha kwa kazi gani anayoifanya. Akaniambia, "Mama, si kila mtu ni wa kazi. Mwingine ni wa kupendwa tu." Nikamwelewa, maana nilimkumbuka baba yangu mdogo.

Sasa, baba yake alikuwa amekwisha kumpangia maisha. Alimwita mchora maandishi aandike ubavuni mwa kile kigari chake cha magurudumu matatu: BWANA DAWA NA BINTI. Rangi haijakauka, mtoto akatangaza kwamba amepata nafasi ya kwenda kusomea wadudu, tena mji wa mbali.

"Wadudu?" mume wangu akauliza. "Watu wanalipa wauliwe, wewe unakwenda kuwasomea?"

"Si lazima kila kitu kiuawe, Baba."

"Na hii dawa ndiyo iliyokulisha. Ndiyo iliyokuvisha. Leo umeona inanuka?"

Ulimi hauna mfupa. Yule mtoto akamtazama baba yake usoni, akasema, "Baba, wewe hujui kukuza kitu. Unajua kuua tu."

Nilisimamisha cherehani. Nikangoja radi ipige. Haikupiga. Mume wangu alitoka nje akaanza kuosha kigari ambacho alikuwa ametoka kukiosha. Aliosha kila mahali isipokuwa pale palipoandikwa NA BINTI, ili rangi isiharibike.

Binti akaondoka, wameagana kwa kutikisa vichwa tu. Tangi akaliacha kwenye chumba changu cha kushonea. "Bwenini hawaruhusu wanyama, Mama. Nakuomba." Mimi! Mimi ambaye nikimwona mende wa kawaida napanda juu ya meza na mkasi wangu! Lakini mtoto akikuomba kwa sauti ile, utasemaje? Nikakubali, nikalifunika tangi kwa kitambaa cha bitana ili mimi na wao tusionane.

Nilidhani mume wangu atawapulizia dawa siku ya kwanza. Thubutu. Siku moja narudi kutoka kununua uzi, namkuta amechuchumaa mbele ya tangi, kitambaa kimetupwa huko, ameshika ganda la ndizi anambembeleza Chifu. "Kula, bwana wee. Kula, usiniaibishe."

Nilirudi nyuma kimya kimya, nikakohoa mlangoni, nikaingia upya. Nikamkuta amesimama anakagua dari.

Tangu hapo mende wakawa wake. Na Jumapili simu ya binti ikipigwa, msikilizeni:

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Mende hawajambo."

Basi. Mtoto hajaulizwa kama amekula, kama anaumwa, kama paa la huko linavuja. Mende hawajambo. Na yeye naye: "Chifu anakula?" "Anakula." "Amebadili ngozi?" "Bado." "Haya, Baba." Kisha simu naletewa mimi, kwa kuwa mimi ndiye ofisi inayoshughulikia habari za binadamu.

Nilikuwa nawacheka, sikatai. Lakini ninayo macho. Jumapili asubuhi Bwana Dawa anavaa shati safi, anachana nywele ambazo zimebaki za kuhesabika, anakaa kando ya simu. Simu yenyewe haina picha, haina chochote. Siku moja nikamwambia, "Baba watoto, unamvalia nani?" Akasema ni joto. Mtu anafunga vifungo mpaka shingoni kwa sababu ya joto!

Kisha Chifu akagoma kula. Ganda la ndizi hataki, karoti hataki, tango analikanyaga na kupita. Mume wangu naye akawa halali vizuri. Nikamkuta amekaa kwenye kigoda changu, ametazama kioo.

"Wakifa hawa," akaniambia, "nitamwambia nini?"

Hakuwa anatania. Nami nilikuwa na utani mzuri mdomoni, umeiva kabisa, nikaumeza.

Jumapili akamweleza binti. Binti akafikiri kidogo, akasema, "Mpe mwani, Baba. Ule mwani wa kijani wa maji baridi. Unakaushwa, unasagwa, unamnyunyizia kidogo juu ya chakula. Ni nyongeza ya lishe. Unauzwa hata duka la dawa, kwenye makopo."

"Mwani ndio nini? Ukoga?"

"Ni jamaa yake."

Mume wangu alicheka mpaka akakohoa. "Ninunue ukoga! Mimi! Maisha yangu yote watu wananilipa niutoe, leo niende dukani nikaulipie?"

"Basi ukuze mwenyewe. Nitakutumia mbegu. Si kila mwani unafaa kuliwa, kwa hiyo usichukue wa kwenye matangi ya watu. Nitakutumia ulio safi."

Sikumwona uso wake, alikuwa amenipa mgongo. Niliona masikio tu. Neno lile "ukuze" lilimwingia kama sindano.

Mbegu zikaja kwa dereva wa basi: kichupa kidogo cha maji ya kijani, kimezungushiwa soksi. Bwana Dawa akakipokea kwa mikono miwili. Akapanga chupa za plastiki dirishani pangu, akazijaza maji, akagawa kile kijani kidogo kidogo kama alivyoelekezwa, jua kidogo, kutikisa asubuhi na jioni. Wateja wangu wanakuja kupimwa nguo, wanauliza, "Hizi chupa za nini?" Namwachia mwenyewe ajibu. "Nafuga ukoga," anasema, kifua mbele. Wateja wananitazama mimi kwa huruma.

Ukafa. Maji yakawa meupe, chini kukabaki vumbi la kahawia. Akaosha chupa, akaanza tena kwa mbegu iliyobaki. Ukafa tena.

Mimi nilijua sababu kabla ya yeye kumaliza kuosha. Nilinusa. Ukiinamia zile chupa zake, pua inakuwasha vilevile kama ukimkumbatia. Kwa mume wangu chupa chafu inasuuzwa na maji ya kazini, na maji ya kazini yana dawa, na hilo halifikirii kama vile wewe usivyofikiri kufumba macho unapopiga chafya. Nikamjaribu kwa mbali.

"Baba watoto, hizi chupa unaziosha na nini?"

"Naziosha vizuri."

"Vizuri vipi?"

"Mama watoto, nikufundishe kushona?"

Nikaacha. Na si kwa kumwogopa, mimi simwogopi mtu anayejificha asionekane akibembeleza mende. Niliacha kwa sababu ya lile neno. Nikimwambia ni mkono wako unaoua, si nitakuwa nimelirudia neno la binti, tena ndani ya nyumba yake mwenyewe? Mara ya mwisho ukoga ulipokufa alisimama pale dirishani na chupa mkononi, akasema polepole, "Alisema kweli yule mtoto." Akaniachia chupa. "Mwaga."

Mimi nikamwaga kwenye ndoo iliyokuwa karibu, ndoo ya maji ninayonyunyizia nguo kabla ya kupiga pasi. Nikaisahau, maana wiki ile nilikuwa na sare za shule mpaka kwenye godoro. Mpaka siku nilipochukua shati jeupe la mwalimu, nikachovya vidole, nikanyunyiza, nikapiga pasi. Lo! Shati likatoka na madoadoa ya kijani kama limeugua surua.

Nikainama kwenye ndoo. Kijani kibichi, kinang'aa, hata harufu ya klorini hakuna. Yale makombo ya mwisho hayakuwa yamekufa yote. Yalikuwa yanataka kuachwa tu. Kumbe ukoga hauhitaji fundi, unahitaji mtu mzembe, na ndoo ile nilikuwa sijaiosha tangu siku nisiyoikumbuka.

Mwalimu nilimwambia ndiyo mtindo mpya. Hakuamini, nikamshonea lingine.

Ndoo nikaipeleka nyuma ya nyumba, jua linapopiga, nikaifunika kipande cha neti. Mume wangu akitoka kwenda kazini, mimi nachukua chupa zake, nazisuuza kwa maji ya kawaida mpaka pua itulie, namimina kijani changu. Jioni anarudi, anatazama dirishani.

"Mama watoto! Njoo uone!"

"Nini tena?"

"Umeota! Umefufuka!"

"Wacha wee!" nasema mimi, mikono kiunoni, mshangao wote usoni. Ningezaliwa kwingine ningekuwa mwigizaji.

Siku chache baadaye anaziosha chupa kwa ile "vizuri" yake, nami narudia. Nilikuwa kama mtu anayejaza gunia maji. Lakini tulipata ukoga wa kutosha kuchuja kwa bitana, kukausha kwenye sahani, kusaga kwa chupa ya soda. Akamnyunyizia Chifu juu ya tango, kwa vidole viwili, kama anatia chumvi kwenye mchuzi wa mkwe. Nasi wawili, watu wazima wenye nyumba na heshima zetu, tukachuchumaa mbele ya kioo tukishikilia pumzi. Chifu akasogea. Akapapasa kwa zile nyuzi zake za kichwani. Akala.

Mume wangu alinishika mkono. Sikumbuki mara ya mwisho alinishika mkono bila kuwa ananipa kitu.

Jumapili ile alizungumza na simu mpaka sikio likawa jekundu. Rangi ya ukoga, uzito wa ukoga, Chifu amebadili ngozi, ngozi mpya ilikuwa nyeupe kisha ikaiva. Binti huko anacheka. "Umeweza, Baba!" Nilisikia kwa masikio yangu, maana sauti ilitoka nje ya simu. Umeweza, Baba. Mume wangu akageukia ukuta akajifanya anatafuta kalenda.

Kisha binti akasema anakuja likizo. "Nataka kuuona huo mwani kwa macho yangu."

Hapo ndipo nyumba ilipoingia wazimu. Bwana Dawa akaosha kila kisichokimbia. Aliosha ukuta, akaosha mlango, akaosha kizibao cha jirani kilichokuwa kimeanikwa bahati mbaya upande wetu. Mimi nilikwenda kununua vitu vya kupikia, siku moja kabla ya mgeni. Nikarudi nikamkuta amesimama uani, anapangusa jasho, anatabasamu kama bwana harusi.

"Nimekusaidia, mke wangu. Ile ndoo yako ya nyuma, lo! Ilikuwa imeoza kwa ukoga. Hata sikukusema. Nimeitia dawa, nikaisugua. Kaione!"

Nikaiona. Imepinduliwa juani, nyeupe, unaweza kujitazamia meno. Kapu likaniponyoka, vitunguu vikatawanyika uani.

"Ni nini?" akauliza.

Mficha uchi hazai. "Huo," nikamwambia, "ndio ukoga wako."

"Ukoga wangu uko dirishani."

"Wa dirishani ninautia mimi. Kila ukiuosha unakufa, kila ukifa naujaza kutoka humo. Baba watoto, unasuuza chupa na klorini! Tangu siku ya kwanza!"

Akaingia ndani. Nikamfuata mbio. Chupa za dirishani, ambazo asubuhi ile alikuwa ameziandaa vizuri kwa ajili ya mgeni, zilikuwa tayari zimeanza kupauka. Alinyanyua moja akainusa. Nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza kunusa harufu ile, kwa jinsi alivyoishi ndani yake. Nilitaka anigombeze, anitukane, anirushie hata hiyo chupa. Akairudisha mahali pake taratibu.

"Kwa hiyo 'umeweza' ile ilikuwa yako," akasema.

Nilijisikia vibaya, mwenzangu. Nilitaka kulia, na mimi kulia si kazi yangu.

Kesho yake binti akashuka kwenye basi na mkoba mgongoni, amekonda, amekuwa mrefu au mimi nimepungua. Alipoingia uani baba yake alikuwa amesimama wima, shati limefungwa mpaka shingoni.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Mende hawajambo." Akafungua kifungo cha shingoni. "Ila mwani nimeuua. Wote. Wangu, na wa mama yako pia. Yeye ndiye aliyeukuza, mimi sikuwahi kuukuza hata siku moja. Ulisema kweli, mimi najua kuua tu."

Nilimwona binti akitafuta hilo neno kichwani, akalipata, na uso ukambadilika. Akatua mkoba.

"Baba, lile neno nililijutia kabla basi halijatoka stendi."

"Lakini ni kweli."

"Chifu yuko wapi?"

Tukaingia chumbani. Chifu alikuwa juu ya ganda la yai, mnene, anang'aa, haoni wala hajali. Binti akamtazama, akamtazama baba yake. "Huyu mmemlea! Mimi nilipokuwa namlea hakuwahi kuwa hivi. Hana kasoro."

"Ni mwani. Wa mama yako."

"Si mwani." Akaanza kucheka, lakini machoni kulikuwa na maji. "Mende akikaribia kubadili ngozi hali, Baba. Kila mende. Nilijua siku ile ile uliyoniambia. Hawa wanaishi kwa maganda ya ndizi, mwani wanaufurahia tu, si kwamba wasipoupata watakufa."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Sasa mwani wa nini?"

Binti akavuta uzi kwenye meza yangu, akauzungusha kidoleni. "Maswali yalikuwa yananiishia. Chifu anakula, Chifu amebadili ngozi, halafu nini? Niliona siku moja utasema 'hawajambo' na utakata simu. Nikatafuta kitu ambacho unakijua kuliko mimi, ili tuzungumze kirefu. Nani anajua ukoga kuliko wewe?"

Mume wangu akazitazama chupa zake dirishani. Nami nikazitazama.

Kisha nikakumbuka. "Na shati la mwalimu je?" nikafoka. "Nimeshona shati zima bure kwa ajili ya maswali yenu! Nyinyi watu wawili hamna midomo?"

Wakacheka. Nilicheka na mimi, hasira ikiwa bado ipo. Tulirudi uani, kwa kuwa chumba kilikuwa kinanuka klorini mpaka macho yanauma.

Mume wangu alikuwa anafuta mikono mapajani, juu na chini, juu na chini. "Sasa Jumapili ukipiga," akasema, "nitakuuliza nini?"

"Niulize habari yangu, Baba."

Akaifikiria kama kazi aliyopewa na mteja mkubwa.

"Habari yako, mwanangu?"

Nyote mnajua jibu. Mtu anaweza kuwa amevunjika mguu, nyumba inaungua, ukimwuliza habari yako atakwambia nzuri. Binti hakusema nzuri. Alikaa juu ya ile ndoo yangu nyeupe iliyopinduliwa, akakunja mikono magotini.

"Si nzuri, Baba," akasema. "Kuna somo nimeanguka mara mbili. Sijamwambia mtu."

Mimi ofisi ya habari za binadamu, Jumapili zote zile, hiyo sikuwa nayo. Mume wangu akachuchumaa mbele yake, vilevile alivyokuwa akichuchumaa mbele ya tangi, akamwinamia.

"Somo gani?" akauliza. "Nianzishie mwanzo."

Ndani Chifu akapiga fyuuu yake. Hakuna aliyegeuka.